Sola, upepo au betri: Hesabu ianzie sebuleni, si dukani

Alizeti ikishavunwa na kuuzwa, familia nyingi za vijijini mkoani Singida hushika kwa mara moja fedha ambayo hazitaiona tena hadi mwaka unaofuata. Hapo ndipo mipango ya umeme hugongana. Mama anataka taa kila chumba na joto la kulelea vifaranga. Baba anataka runinga, king'amuzi na sabufa. Mtoto wa sekondari anataka mwanga wa kusomea na mahali pa kuchaji simu. Kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam anasema sola ni ya nini, wakati upepo wa Singida unavuma bure usiku na mchana. Mjadala ukichosha, mwenye sauti kubwa anapanda gari kwenda mjini, anakutana na muuzaji anayejua kuongea, na anarudi na kile ambacho muuzaji alikuwa nacho.

Mwaka mmoja na nusu baadaye betri imekufa. Paneli bado ipo juu ya bati, nzima na inang'aa, lakini haina cha kuchaji. Ndani, koroboi imerudi mezani na mtoto anasoma akiwa ameinamisha kichwa karibu na moshi. Fedha ya mavuno imekwenda, na wenye nyumba hawaelewani tena kuhusu nani alisema nini.

Makosa ya namna hii mara nyingi hayatokani na jua, wala na paneli. Yanatokana na kuchagua kifaa kabla ya kujua kazi yake. Kati ya sola, upepo na betri, uamuzi huwa mwepesi sana familia ikishajua jambo moja: jua likizama, ni vitu gani vinawaka ndani ya nyumba hiyo, na kwa saa ngapi.

Kalamu na daftari la mtoto

Hesabu hii haihitaji fundi. Inahitaji kalamu, karatasi, na watu wote wa nyumba wakiwa wamekaa pamoja, kwa sababu anayejua taa ya jikoni inawaka hadi saa ngapi si yule anayerudi nyumbani saa tatu usiku. Kila kifaa kina namba ya wati, nyuma au chini yake. Namba hiyo ikizidishwa kwa saa ambazo kifaa kinatumika kwa siku, jibu ni wati-saa. Anayenunua umeme wa Luku anakijua kipimo hiki hata kama hajawahi kukiita hivyo: uniti moja ni wati-saa 1,000.

Chukua nyumba ya watu sita. Balbu nne za LED za wati 5 kila moja, zikiwaka saa tano, ni wati-saa 100. Taa ya nje ya wati 3 inayolala ikiwaka kwa saa 11 ni 33. Runinga ndogo ya inchi 24, ile inayotumia umeme wa betri moja kwa moja bila inveta, ikiwa ya wati 25 na ikatazamwa saa nne, ni 100. Redio ya wati 5 kwa saa sita ni 30. Simu tatu kwa pamoja ni kama 40. Jumla ni wati-saa 303, sema 300. Hiyo haifiki hata theluthi moja ya uniti ya Luku, na nyumba imeishi vizuri: kuna mwanga, habari, mechi na mawasiliano.

Sasa mtu mmoja katika kikao hicho aseme, "Na pasi je?" Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikipiga sare za shule kwa nusu saa imekula wati-saa 500. Nguo za watoto watatu zimeshinda matumizi ya nyumba nzima ya siku moja. Birika la umeme nalo, kuchemsha lita mbili tu za maji ya chai, linakula karibu 200, sawa na kuangalia runinga ile kwa saa nane. Kifaa chochote ambacho kazi yake ni kutoa joto ni adui wa sola ndogo: pasi, birika, jiko la umeme, hita, mashine ya kukaushia nywele. Hivi vibaki kwenye mkaa, gesi au umeme wa Tanesco. Muuzaji anayesema sola ya taa nne itapiga pasi "mara moja moja tu" anastahili kuachwa na sola yake.

Vifaranga ndipo akina mama wengi wa Singida wanapoumia, maana kuku wa kienyeji ni biashara ya mkoa huo. Balbu ya joto ya wati 100 ikiwaka usiku wa saa 12 inakula wati-saa 1,200, mara nne ya nyumba nzima. Hakuna betri ya nyumba ya kawaida itakayovumilia hilo kwa wiki tatu mfululizo. Sola iwape vifaranga mwanga mdogo waone chakula na maji, joto litoke kwenye chungu au jiko la mkaa lililozungushiwa wavu, katika banda lenye upenyo wa hewa. Mama akilijua hili kabla ya kununua, ameokoa betri na vifaranga.

Jokofu ni hesabu ya peke yake. La kawaida, hata likiwa dogo, linaweza kula uniti nzima kwa siku katika joto. Yapo yaliyotengenezwa kwa ajili ya sola ambayo yanakula nusu ya hapo au pungufu, ila bei yake iko juu. Kwa anayeuza barafu na juisi mtaani linaweza kurudisha fedha yake. Kwa kuhifadhi mboga ya jana, hapana.

Mwenye karatasi ya hesabu mkononi haongeleshwi ovyo. Muuzaji akisema, "Mzee, chukua hii N100 na paneli moja, itabeba nyumba nzima," jibu lipo: "Kijana, nyumba yangu inakula wati-saa 300 kwa siku, 230 kati ya hizo ni usiku. Nionyeshe kwa hesabu." Muuzaji mzuri atafurahi na kuchukua kalamu. Yule mwingine ataanza kuzungumzia ofa.

Betri ndipo fedha inapopotelea

Paneli nzuri inaweza kukaa juu ya bati miaka 25 na bado ikatoa sehemu kubwa ya umeme iliyoutoa ikiwa mpya. Betri haina maisha hayo. Ndiyo inayochoka kwanza, ndiyo inayobadilishwa tena na tena, na kwa miaka kumi ya matumizi inaweza kuwa imekula fedha nyingi kuliko vifaa vingine vyote. Kwa hiyo ndicho kitu cha kukitazama kwa makini kuliko vyote, ingawa wengi hukaa dukani wakibishana kuhusu ukubwa wa paneli.

Betri ya volti 12 yenye AH 100, ambayo wengi huiita N100, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ni ya maji au ya jeli, yaani zile za risasi na asidi, nusu tu ndiyo ya kutumia. Anayeikamua hadi chini kila usiku anaiua mapema. Kwa hiyo N100 ina wati-saa 600 za kweli, na kwa nyumba ya mfano hapo juu hiyo ni siku moja ya kawaida pamoja na siku moja ya mawingu. Inatosha. N70 nayo ingebeba, ila kwa kubana.

Betri ya gari ni jambo jingine kabisa, hata kama umbo linafanana na bei inavutia. Imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ichajiwe tena papo hapo. Kazi ya kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha na kushuka hadi nusu kila siku haikuumbwa kuifanya. Ikifanyishwa, huchoka ndani ya miezi. Dukani iulizwe wazi kama ni betri ya sola, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Uzito nao unasema ukweli. Betri ya risasi ya AH 100 huwa na kilo 25 hadi 30, kwa sababu risasi ni nzito na haiwezi kuigizwa. Ikiwa imeandikwa AH 100 na mtoto wa darasa la sita anaibeba kwa mkono mmoja, kibandiko kinadanganya. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwa betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi kwa asili yake.

Lithiamu ndiyo habari ya miaka hii. Aina inayofaa nyumbani ni ile ya chuma na fosfeti, ambayo huandikwa LiFePO4. Inaruhusu kutumiwa asilimia 80 hadi 90 ya kilichomo, haihitaji kuongezwa maji, na inavumilia kuchajiwa na kutumiwa mara elfu kadhaa. Ya AH 50 inaweza kufanya karibu kazi ya N100 ya risasi. Tatizo ni fedha ya kuanzia. Hapa familia inapaswa kugawa bei kwa miaka, si kuitazama bei peke yake. Kwa mfano tu, maana bei za madukani hazitulii: kama betri ya risasi ni Sh300,000 na ikadumu miaka miwili, mwaka mmoja umegharimu Sh150,000. Kama ya lithiamu ni Sh750,000 na ikadumu miaka minane, mwaka umegharimu chini ya Sh94,000. Ya pili ndiyo rahisi, kwa aliye na fedha yote mkononi leo. Asiye nayo asikope kwa riba ili kununua lithiamu. Betri ya risasi iliyotunzwa vizuri inaweza kufika miaka mitatu hadi mitano. Na anayehamia lithiamu ahakikishe kontrola yake ina sehemu ya kuipanga kwa aina hiyo ya betri, la sivyo itachajiwa vibaya.

Utunzaji wenyewe ndio chanzo cha ugomvi nyumbani. Kontrola, kile kiboksi kati ya paneli na betri, kazi yake mojawapo ni kukata umeme betri inapofika mahali pa hatari. Sasa kontrola inakata dakika ya 70, Simba na Yanga ziko sare. Mtu anachomoa waya za runinga kwenye kontrola na kuzifunga moja kwa moja kwenye betri. Mechi inaisha kwa furaha, na betri imepata jeraha lisilopona. Ikifanyika kila wiki, hakuna fundi atakayeirudisha. Mama akisema, "Baba watoto, zima, taa nyekundu imewaka," halindi sheria ndogo za nyumba, analinda fedha ya alizeti. Kama mechi ni muhimu, na kwa wengi ni muhimu kweli, taa ya nje na redio zizimwe tangu jioni. Hilo nalo linaweza kupangwa kikaoni.

Betri ya maji iongezwe maji ya betri yanayouzwa kwa kazi hiyo, si ya bomba, si ya kisima. Isikae chumbani wanapolala watu wala chini ya kitanda cha watoto, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, na ndani yake mna asidi inayounguza macho na ngozi. Sehemu yenye hewa, juu ya ubao, ndani ya kasha lenye matundu, mbali na koroboi na jiko. Mtoto akirukiwa na asidi, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika nyingi, kisha apelekwe kituo cha afya.

Paneli kubwa kidogo kuliko hesabu

Kwa sehemu kubwa ya Tanzania, siku nzuri inatoa jua kali linalolingana na saa tano hivi. Paneli ya wati 100 ingetoa wati-saa 500, lakini joto, vumbi, waya na betri yenyewe vinakata kiasi, ikabaki kama 350. Nyumba ya wati-saa 300 inapona kiangazi. Mvua za Singida zikianza, kati ya Desemba na Aprili, na mawingu yakakaa siku tatu, paneli hiyo haitoshi. Wati 150 ndiyo saizi yake.

Kama kuna fedha ya ziada ya kuweka sehemu moja tu, iwekwe kwenye paneli badala ya kukuza betri. Betri kubwa isiyojaa ni kama ghala kubwa la mkulima mwenye shamba dogo, na tofauti na ghala, betri isiyojaa inaharibika.

Tanzania iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli huelekezwa kaskazini, ikiinama kidogo ili mvua ioshe vumbi. Iachwe nafasi ya hewa kati yake na bati, maana joto linapunguza umeme. Kivuli cha tawi moja la mwembe kikigusa kona ya paneli kinaweza kupunguza umeme kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, hivyo paa litazamwe asubuhi, mchana na jioni kabla ya fundi kupiga msumari. Vumbi la kiangazi lifutwe kwa maji na kitambaa laini asubuhi mapema, paneli ikiwa haijapata moto.

Upepo wa Singida

Kijana aliyerudi kutoka Dar hakukosea kuhusu upepo. Singida ni kati ya maeneo yanayojulikana nchini kwa upepo, sawa na Makambako mkoani Njombe, na mipango ya mitambo mikubwa ya upepo huko imezungumzwa kwa miaka mingi. Kenya wameshafanya kwa ukubwa: mradi wa Ziwa Turkana, kaunti ya Marsabit, una mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310.

Lakini mtambo mkubwa na kipanga kidogo cha juu ya nyumba ni vitu viwili. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Ndiyo maana kipanga kilichoandikwa wati 400 huitoa namba hiyo upepo ukiwa wa mita 12 hivi kwa sekunde, upepo wa kung'oa bati lililofungwa vibaya. Upepo ukiwa wa mita 5, ambao kwa mtu aliyesimama uwanjani ni upepo mzuri tu, mapanga yenye kipenyo cha mita moja na nusu yanatoa kama wati 30. Namba hiyo ndogo haiandikwi kwenye boksi.

Tena upepo wa kweli uko juu. Kanuni ya mafundi ni kwamba mapanga yawe angalau mita 9 juu ya kitu chochote kilicho umbali wa mita 150: mti, paa, mlingoti. Hiyo maana yake ni nguzo ndefu ya chuma, waya za kuishikilia, zege, na mtu wa kuipanda vyuma vya mzunguko vikichakaa. Paneli haina kitu kinachozunguka. Kipanga kinazunguka miaka yote, na kila kinachozunguka huomba spea, ambazo duka la wilayani halina.

Kuna jambo la tatu, ambalo ndilo zito kwa Singida. Upepo wa kanda ya kati hushika kasi kiangazi, wakati jua nalo linawaka bila mawingu. Familia inahitaji msaada wakati wa mvua, na huo ndio wakati upepo unapolegea. Kwa hiyo kipanga kinaongeza umeme mwezi ambao tayari upo. Kwa shule, zahanati au kisima chenye fundi wa kudumu, upepo na jua vinaweza kufanya kazi pamoja. Kwa nyumba ya taa nne, fedha ya nguzo peke yake ingenunua paneli ya pili na ikabaki chenji.

Pale nguzo zilipofika

Kuna familia ambazo hazipaswi kununua sola kabisa, au zinapaswa kununua ndogo sana. Ni zile ambazo nguzo za REA zimefika jirani. Gharama ya kuunganishwa vijijini imekuwa Sh27,000, na mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi amekuwa akilipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Nyumba ile ya wati-saa 300 kwa siku inatumia uniti 9 kwa mwezi. Hiyo ni Sh900 na kodi juu yake. Hakuna paneli wala betri inayoweza kushindana na bei hiyo, na anayeambiwa sola itamwokoa na bili ya Luku wakati anatumia uniti chache anauziwa ndoto. Gharama ya kutandaza waya ndani ya nyumba ndiyo kubwa kuliko zote, na hiyo hulipwa mara moja.

Tatizo la mwenye Luku ni kukatika kwa umeme. Mgawo wa mwishoni mwa 2023 haujasahaulika, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujaanza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Kwa familia kama hizi, na hasa wapangaji wa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha ambao mwenye nyumba hataki mtu apande juu ya bati lake, betri peke yake inatosha: inachajiwa na Tanesco umeme ukiwapo, inawasha taa, feni na ruta ukikatika. Sehemu fulani ya umeme inapotea katika kuingia na kutoka, lakini kwa saa chache kwa wiki hilo si la kulalamikia. Mkataba wa upangaji ukiisha, betri inabebwa pamoja na godoro.

Jina lililo kwenye mkataba

Sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu zimefikisha taa kwenye nyumba ambazo zisingeweza kuwa na fedha taslimu. Mtu anatoa kianzio, analipa kila siku au kila wiki, asipolipa kifaa kinajifunga. Kabla ya kukubali, familia ijumlishe malipo yote hadi mwisho na kuyalinganisha na bei ya taslimu. Tofauti inaweza kuwa kubwa. Wakati mwingine inastahili, kwa sababu kampuni inabadilisha betri ikifa ndani ya muda wa mkataba. Wakati mwingine mkataba hausemi lolote kuhusu betri.

Lisiloulizwa mara nyingi ni namba ya simu. Mume anasajili kwa laini yake, kisha anakwenda Mererani au Dar kutafuta, simu inapotea au haipatikani. Kifaa kinajifunga. Mke ana fedha mkononi lakini namba ya malipo na ujumbe wa kufungulia viko kwenye laini ambayo hayupo nayo, na watoto wana mtihani kesho. Yupo mjane aliyejikuta akilipia sola ya jina la marehemu, kisha ndugu wakaja kuidai kama mali yao. Anayelala chini ya taa hizo kila siku ndiye jina lake linafaa kuwamo, au wote wawili wawe na namba na nakala ya karatasi.

Hali kadhalika ufundi. Huko Kinyasini, Unguja, chuo cha Barefoot kimefundisha wanawake wa vijijini, wengine wenye elimu ndogo sana ya darasani, kuunganisha na kutengeneza sola za nyumba, kwa mtindo ulioanzia Tilonia, Rajasthan nchini India. Kwa hiyo ule usemi kwamba mambo ya waya yamngoje baba hauna msingi. Mama hahitaji kuwa fundi. Atosheke kujua kusoma taa za kontrola, kukagua maji ya betri kila mwezi akiwa amevaa glavu, na kukaza waya iliyolegea mchana paneli ikiwa imefunikwa.

Betri iliyokufa

Kuna siku betri itakufa hata ikitunzwa. Mnunuzi wa chuma chakavu atapita na kutoa elfu kumi au zaidi, na mara nyingine vijana wa mtaani huipasua wenyewe, wakamwaga asidi uani na kuyeyusha risasi kwenye sufuria. Kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kinajua mwisho wa hadithi hiyo. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilifanya kazi jirani na nyumba za watu, na watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido, mama aliyekuwa ameajiriwa hapo na ambaye mtoto wake mchanga aliugua, aliongoza mapambano yaliyompa Tuzo ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Risasi huumiza ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Betri iuzwe nzima, ikiwa haijapasuliwa. Maduka kadhaa ya betri hupokea ya zamani na kupunguza bei ya mpya. Hilo liulizwe siku ile ile ya kununua, na liandikwe kwenye risiti pamoja na miezi ya dhamana.